Ozoni ikisafiri na upepo, inapimwaje?

Shehe, umeuliza mtu atajuaje kama ozoni, gesi inayochafua hewa, imeletwa na upepo au imezaliwa hapa hapa mjini. Inapimwa kwa mwanga. Chombo kinachoitwa lida kinarusha juu miale miwili ya leza ya urujuanimno, mwanga usioonekana kwa macho. Mmoja ozoni inaumeza sana, mwengine kidogo. Tofauti ya mwanga unaorudi inasema ozoni ipo kiasi gani, na muda wa kurudi unasema ipo kimo gani. Lida ya pili inafuata vumbi hewani, ikatoa kasi ya upepo.

Kisha unazidisha tu: mikrogramu 100 kwa mita ya ujazo, upepo mita 5 kwa sekunde, basi mikrogramu 500 zinapita kila sekunde katika kila mita ya mraba.

Kimo ndo penye kazi. Jioni Forodhani, pale ufukweni Mji Mkongwe, moshi wa mishikaki unalalia baharini. Tazama mawingu, yanakwenda kwengine kabisa! Kipimo cha juu ya paa hakiyaoni hayo.

Mimi lida ningeiweka Fumba, kusini-magharibi mwa Unguja, upepo ukitokea upande wa Dar, maana moshi wa magari hupikwa na jua njiani ndo ukazaa ozoni. Darajani, katikati ya mji, hapana: moshi mbichi wa magari unaila ozoni yenyewe.