Kwa mnaoanza kuongoza kwaya: pumua kwanza

Wadogo zangu mliopewa kwaya juzi juzi, naandika hii maana jumapili iliyopita hapa Moshi nimeona kijana kasimama mbele ya watu kama thelathini, mikono inapepea utadhani anafukuza nzi, nikacheka halafu aibu ikanirudia mwenyewe maana nilianza hivohivo.

Siku yangu ya kwanza wimbo nilikuwa naujua sauti zote nne, soprano, alto, teno na besi, solfa (zile doh re mi za kusomea wimbo) nimeikariri mpaka vistari. Nikatoa doh, noti ya msingi ya wimbo, nikanyanyua mikono, nikashusha. Teno wakaingia peke yao, soprano wakafuata kwa kuchungulia, alto wananitazama tu, besi hata midomo hawajafungua aisee. Baada ya ibada mzee mmoja wa besi akaniita pembeni akasema, mwanangu, sisi tulikuwa tunasubiri upumue. Nikadhani ananitania.

Kumbe pigo lenye kazi kuliko yote ni lile linalokuja kabla wimbo haujaanza. Wimbo ni wa mapigo manne na unaanzia kwenye moja, yani pigo la kwanza? Basi wewe toa la nne, mkono unapanda na unavuta pumzi pamoja nao, waione kabisa, kwa mwendo uleule utakaoimbwa. Unaanzia kwenye la nne? Toa la tatu. Ukivuta pumzi fupi ya haraka wataingia mbio, ukivuta kwa woga wanaingia kwa woga, ukiinua mkono kidogo tu wanajua ni sauti ndogo. Yani pigo hilo moja limeshawaambia spidi, ukubwa wa sauti na hisia ya wimbo, na hujaongea neno. Wale wa matarumbeta hili wanalijua kuliko sisi, maana bila pumzi chombo hakilii.

Michoro yenyewe ya mkono hewani usiku mmoja inatosha. Mapigo mawili ni chini, juu. Tatu ni chini, kulia, juu. Nne ni chini, kushoto, kulia, juu, hiyo ni kwa mkono wa kulia. Sita kwa nane, yani mapigo madogo sita kwa kila kipimo, ikiwa ya kuchangamka, kama nyingi za mahadhi ya kwetu, usihesabu sita, utachoka na watachoka, piga mbili kubwa, kila moja ina tatu ndani yake. Mimi nilijifunzia kwenye daladala ya Kiboriloni kwenda mjini, redio inaimba na mimi kidole kimoja juu ya goti. Muhimu kila pigo liwe na mahali linapogusa, kama unagonga meza ambayo haionekani, maana mkono unaoogelea tu hewani kila mtu anajichagulia moja yake.

Mkono wa kushoto uache utulie. Wengi tunaufanya uige wa kulia kama kioo, sasa ukitaka kuwapunguza soprano unatumia nini? Kazi yake ni kupandisha na kushusha sauti, na kuwaita waliokuwa wamenyamaza. Besi wakipumzika mistari miwili, waangalie pigo moja kabla hawajaingia, jicho linatosha. Na jicho haliwezi kufika kwao kama limeganda kwenye faili.

Na mguu jamani. Nilikuwa napiga mguu kwenye mbao za madhabahuni mpaka waumini wanausikia kuliko besi. Kule Ufaransa mtunzi wa muziki Jean-Baptiste Lully alikuwa anaongoza kwa kugonga fimbo chini, akajigonga mguu mwenyewe, kidonda kikaoza, 1687 akafa. Tuliza mguu.

Kitu ambacho vitabu vya wazungu havikuambii ni Kiswahili chenyewe. Maneno yetu mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, sasa tuni nyingi za kitabu chetu cha nyimbo ni za Kijerumani, wamisionari wa Leipzig waliingia huku Kilimanjaro 1893, maneno ya Kiswahili yakapachikwa juu yake. Ndo maana unakuta mwokozi, mkazo uko kwenye ko, ila pigo zito limeangukia mwo. Ukipiga moja yako kwa nguvu hapo neno linavunjika. Mimi nyumbani nasoma maneno kwa sauti kama naongea, bila tuni, naweka alama ya penseli palipogongana, nikifika hapo mkono naufanya mwepesi. Hii kazi inachukua saa nzima kwa wimbo mmoja na hakuna atakayekushukuru, lakini watu wataanza kusema kwaya yenu inasikika maneno.

Kutoa doh: nunua kile chuma cha kugonga (tuning fork) kinachotoa noti A ya mitetemo 440 kwa sekunde, usitegemee simu, itazima chaji siku ya tamasha. Doh ikiwa F, hiyo A ni mi, shuka mpaka doh. Doh ikiwa G ni re, ikiwa D ni so, ikiwa C ni la. Hizo nne zikikaa kichwani umeshapona nyimbo nyingi. Halafu mpe kila mtu noti yake, taratibu, usikimbie.

Kumaliza nako kuna mtego. Wenzetu wa lugha nyingine wana t au s ya kukata kwa pamoja, sisi karibu kila neno linaishia irabu, kwa hiyo usipokata wazi, aaa inaburuzika, mmoja anaacha saa hii mwingine baadaye. Zungusha mkono kaduara kadogo, vidole vifunge, basi. Ila mikono usiishushe papo hapo, iache juu kidogo mpaka mwangwi uishe, maana ukiishusha tu alto wa mbele wanaanza kufunga mafaili, pa pa pa, na mtoto wa mtu analia.