Maswali na Majibu: Chernivtsi Si Chernihiv, Wala Si Chornobyl

Swali: Chernivtsi iko umbali gani kutoka kwenye kinu cha nyuklia kilicholipuka mwaka 1986?

Jibu: Kinu hicho ni cha Chornobyl, kaskazini ya Kyiv. Chernivtsi ni mji wa kusini-magharibi mwa Ukraine, kando ya mto Prut, kilomita zipatazo 40 kutoka mpaka wa Romania. Wala si Chernihiv, ambayo iko karibu na Belarus. Nimekwisha kulijibu swali hili, na anayeandika tena bila kufungua ramani asitarajie jibu.

Swali: Mbona mji huu huandikwa kwa majina tofauti?

Jibu: Kwa sababu kila mtawala aliuandika kwa lugha yake. Ulitajwa katika hati ya Moldavia ya mwaka 1408. Waaustria, walioutwaa pamoja na eneo la Bukovina katika miaka ya 1770, waliuita Czernowitz. Waromania, tangu mwaka 1918, Cernăuți. Na chini ya Wasovieti ukavuma kwa jina la Kirusi, Chernovtsy. Anayeendelea kutumia hilo la mwisho anafuata mazoea ya dola iliyosambaratika mwaka 1991, jambo lisilotupendeza sisi ambao bandari yetu kuu Wajerumani waliiandika Daressalam.

Swali: Ni kweli kwamba huitwa Vienna Ndogo?

Jibu: Huitwa hivyo, nami silipendi jina hilo, kwa kuwa linausifu mji kwa kuufananisha na makao ya waliokuwa wakiutawala. Ni kweli kwamba jumba la maigizo la mwaka 1905 lilichorwa na Fellner na Helmer wa Vienna, na kwamba makao ya Metropoliti (askofu mkuu) wa Kiorthodoksi, yaliyojengwa kati ya mwaka 1864 na 1882 kwa michoro ya Josef Hlávka, Mcheki, na ambayo leo ni ya chuo kikuu, yaliingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2011. Lakini utajiri wa mji ulikuwa watu wake. Hapo ndipo ulipofanyika mkutano wa mwaka 1908 uliokitangaza Kiyidi kuwa mojawapo ya lugha za taifa la Wayahudi, na hapo ndipo alipozaliwa mshairi Paul Celan mwaka 1920, wakati Wayahudi walikuwa zaidi ya theluthi moja ya wakazi. Mwaka 1941 utawala wa Romania, mshirika wa Hitler, uliwafungia katika mtaa wao na kuanza kuwahamishia Transnistria, eneo la ng'ambo ya mto Dniester lililokuwa mikononi mwa Romania, ambako wazazi wa Celan walifia. Meya Traian Popovici alipinga, na Wayahudi wapatao 20,000 wakaruhusiwa kubaki. Msifiaji wa kuta asiyetaja habari hizi ameuona mji nusu.

Swali: Huzungumzwa lugha gani?

Jibu: Kiukraini, Kiromania nacho husikika, hasa katika vijiji vya upande wa mpakani.

Swali: Wakala ameniahidi nafasi ya kusomea udaktari huko pamoja na tiketi ya ndege hadi Chernivtsi. Nilipe?

Jibu: Usilipe. Chuo kikuu cha tiba kipo kweli, kilianzishwa mwaka 1944, na kimepokea wageni wengi. Lakini anga la Ukraine limefungwa kwa ndege za abiria tangu tarehe 24 Februari 2022, kwa hiyo anayekuuzia tiketi hiyo anakuuzia hewa. Wasafiri huingia kwa njia ya nchi kavu, aghalabu kupitia Suceava, Romania, na viza ya Romania hutafutwa mapema. Andikia chuo chenyewe, uliza lugha ya kufundishia, kisha uliza TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kama shahada itatambuliwa, na yote hayo yatangulie ada. Wazazi huuza shamba kwanza ndipo huniandikia.

Swali: Je, mji uko mbali na vita?

Jibu: Uko mbali na mstari wa mapigano, ndiyo maana wakimbizi wa ndani walikimbilia huko kwa wingi. Hata hivyo, Julai 2025 droni na makombora yaliufikia, na watu 2 wakauawa.