Swali la lugha: Joshi, demani na mashua inayopaswa kupisha

SWALI: Mimi ndiye mwandishi wa matokeo katika klabu yetu ya mashua. Kila Jumatano jioni, watu wakitoka kazini, tunatweka tanga na kushindana kwa saa moja au mbili, bila zawadi. Sasa nimeanza kuandika matangazo na kanuni kwa Kiswahili. Je, niandike "mashindano ya matanga" au "resi ya boti"? Na hii kanuni, "mashua iliyo kushoto kwa upepo iondoke njiani", imekaa sawa? Tena kuna "alama ya ulemavu" ya kila mashua, ambayo wenzangu hawaielewi kabisa.

JIBU: Nianze na jina. "Mashindano ya matanga" hayana kosa la kisarufi, maana tanga likizidi moja ni matanga. Lakini neno hilohilo ndilo la siku za kukaa msibani, na msomaji akilikuta peke yake ubaoni atajiuliza nani amefariki. Liweke katika umoja na shaka yote itaondoka: "mashindano ya mashua za tanga". "Boti" nisingelichagua, kwa kuwa wengi wakilisikia huwaza injini. "Resi" ni neno zuri la mazungumzo. Kwenye tangazo "mbio" linatosha, kwani tumezoea kusema chombo kinakwenda mbio. Mfululizo mzima uite mashindano, na la kila Jumatano liwe shindano: shindano la tatu, shindano la nne.

Usikimbilie pia kuyaita "ya kirafiki" kwa sababu tu hakuna kombe. Katika soka, mechi ya kirafiki ni ile isiyohesabiwa kwenye ligi. Ikiwa pointi zenu zinajumlishwa hadi mwisho wa msimu, andika "mashindano ya klabu" na utaeleweka.

Sasa "kushoto kwa upepo". Upepo hauna kushoto wala kulia. Mashua ndiyo yenye pande hizo. Upepo nao una pande zake mbili: kule unakotoka ni joshi (wengine husema goshi), na kule unakoelekea ni demani. Mashua ikigeuka, ubavu wake wa kulia uliokuwa joshini huweza kuwa upande wa demani muda mfupi tu baadaye. Ndiyo maana kanuni za mbio za World Sailing, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, hutaja pande za aina zote mbili, kila moja mahali pake. Kanuni ya 10 inahusu mashua zinazopokea upepo pande tofauti: inayopokea kushoto huipisha inayopokea kulia. Kanuni ya 11 inahusu mashua zinazopokea upepo upande mmoja na zimekaa ubavu kwa ubavu: ya joshini huipisha ya demani. Sentensi yako imezichanganya hizo mbili, na baharia akiisoma hatajua kama anaambiwa habari ya ubavu wa mashua yake au ya mahali alipo mwenzake.

Hili si suala la ufasaha tu. Tazama dakika ya mwisho kabla ya kuanza. Mashua mbili zinaukaribia mstari bega kwa bega, na nahodha wa ile ya demani anaelekeza omo, yaani sehemu ya mbele ya mashua, karibu zaidi na upepo. Anaita, "Joshi, pisha!" Maneno mawili, na mwenzake anajua la kufanya. Akianza kusema, "Wewe uliye upande unakotoka upepo, tafadhali ondoka njiani," mbavu zitagusana kabla hajamaliza. Kitenzi chenyewe kitazame pia. "Ondoka njiani" ni kumfukuza mtu. "Pisha" ni kumwachia mwenzio nafasi huku nawe ukiendelea na mwendo wako, na hivyo ndivyo kanuni inavyotaka.

Utakutana na tatizo moja dogo. Demani ni pia kamba inayoshika pembe ya nyuma ya tanga, ile unayoivuta au kuilegeza kadiri upepo unavyokuja. Hakuna haja ya kubuni neno jingine. "Vuta demani" na "legeza demani" haziwezi kuwa ila kamba. Ukitaka mahali, andika "upande wa demani" na usilifupishe katika maandishi ya kanuni.

Kwenye maelezo ya njia utahitaji pia kitenzi cha kwenda kule upepo unakotoka. Mashua haiwezi kuuelekea upepo moja kwa moja, kwa hiyo huenda mshazari, upande huu kisha upande ule, hadi ifike kwenye boya. Huko ndiko kubisha, na upepo wa namna hiyo ni upepo wa bisho. Nalipenda sana neno hili, na inanisikitisha kulikuta limebadilishwa na "kupanda upepo kwa zigizaga".

Kugeuza kunataka uangalifu zaidi. Tunalo neno kukisi, yaani kulihamishia tanga upande wa pili, lakini lilikua na vyombo vya foromali (ule mti mrefu unaobeba tanga), ambavyo vikubwa vyake kwa kawaida huzungusha tezi, yaani sehemu ya nyuma, kwenye upepo, si omo. Katika mbio zenu zote mbili hufanyika, na tofauti yake ni kubwa. Mimi ningeandika "kugeuza kwa omo" na "kugeuza kwa tezi". "Kupindua" liepuke kabisa: mtu akisikia mashua imepinduliwa ataanza kutafuta waliozama.

Hiyo "alama ya ulemavu" iondoe leo. Hapa hakuna mlemavu. Kuna mashua zisizolingana kasi kwa umbo lake, na namba ya kuzisawazisha. Wanaojua gofu wataelewa "hendikapu", na katika maandishi "namba ya usawazisho" inafaa. Katika mfumo wa Portsmouth, unaotumika sana Uingereza, muda wa mashua huzidishwa kwa 1000, kisha hugawanywa kwa namba yake. Mashua yenye namba 1200 ikimaliza kwa dakika 60, inaandikiwa 50. Yenye namba 1000 ikimaliza kwa dakika 52, inabaki na 52 zake. Imefika mapema, na bado imeshindwa. Kwa hiyo jedwali lako liwe na safu mbili, "muda halisi" na "muda uliosawazishwa", na nafasi zipangwe kwa hiyo ya pili.