Shangazi, mume wangu hataki tununue apatimenti

Shangazi shikamoo. Nina miaka 36, ndoa na watoto wawili. Tumepanga Tabata kwa laki nne na nusu kwa mwezi. Nimepata apatimenti ya vyumba viwili Kijitonyama, milioni 150, na benki iko tayari kunikopesha 120 kwa miaka 20. Mume wangu hataki hata kusikia. Eti tuendelee kupanga huku tukijenga Kibaha, ambako kuna msingi tu na matofali yameshaota ukungu. Mashoga zangu wote wana kwao. Nifanyeje ili asaini?
Mama Wawili, Tabata

Marahaba mwanangu. Kupanga kunachosha, hasa ile wiki ya kusaka kodi ya miezi sita kwa mpigo huku mwenye nyumba akijifanya anapita tu kusalimia. Pole. Pole imeisha, sasa tuongee.

Hukuniuliza kama ununue au usinunue. Umeniuliza utampataje asaini. Kumbe fomu ziko tayari, mkopo ni wa mshahara wako, na sina shaka hati itaandikwa jina lako. Mumeo kaitwa mwishoni kwa sababu benki inataka ridhaa ya mwenza. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mmoja kuuza wala kuweka rehani nyumba ya familia bila mwenzake kukubali. Isingekuwa hivyo, nadhani angepata habari siku ya kufunga mizigo.

Halafu riba hukuitaja. Tuseme ni asilimia 15. Milioni 120 kwa miaka 20 ni rejesho la karibu milioni moja na laki sita kila mwezi, zaidi ya mara tatu ya kodi mnayolipa. Ukimaliza utakuwa umelipa kama milioni 379, na una miaka 56. Hapo bado mchango wa kila mwezi wa mlinzi, pampu ya maji, usafi wa ngazi na lifti kama ipo. Nani atanunua unga na kulipa ada mshahara wako ukishakatwa hivyo? Huyo huyo unayesema anakurudisha nyuma.

Na ile milioni 30 ya kuanzia inatoka wapi? Kwenye barua haimo. Mimi nanusa kiwanja cha Kibaha. Ndiyo maana yale matofali umeyataja kwa kejeli. Usiache mbachao kwa msala upitao, mwanangu. Mumeo ana akili, tena namtetea bila kumjua.

Ndoa zenu za siku hizi zinanishangaza. Kwenye kitchen party mnaambizana "uwe na chako", mnapiga vigelegele, mnarudi nyumbani kila mtu na kikoba chake ambacho mwenzake hakijui. Zamani mume ndiye aliyeficha mshahara. Sasa mnaficha wote wawili, na mtoto anarudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Hao mashoga zako wenye kwao, umewahi kuwauliza wanadaiwa kiasi gani?

Hiyo apatimenti iache. Kama kweli ungeweza kulipa rejesho lile, nusu yake ipeleke Kibaha kila mwezi uone kama boma halitasimama. Mumeo naye aache kuotesha ukungu, apange lini fundi anaingia. Siku mkija kutaka ghorofani, nendeni wawili, majina yote mawili yaandikwe, na muuzaji awape hati ya sehemu ya jengo kwa sheria ya umiliki wa sehemu za majengo (Unit Titles Act) ya mwaka 2008, siyo karatasi ya mauziano aliyoichapa dalali.

Zile fomu za benki mwonyeshe leo hii, ameshakula na watoto wamelala. Anza na ukurasa wenye jina la mmiliki.