Nati za kufuli kwa Fielder

Ndugu unayelaza Toyota Fielder nje huko Section 58, Nakuru, na unaogopa rimu kuchomolewa usiku: nati moja ya kufuli (isiyofunguka bila ufunguo wake maalum) kwa kila gurudumu inatosha. Uzi wa Toyota yako ni M12 x 1.5, yaani upana wa milimita 12 na nafasi ya milimita 1.5 kati ya nyuzi. Nissan na Subaru nyingi ni 1.25, kwa hivyo usinunue kwa macho. Kisha tazama kitako, sehemu ya nati inayokaa kwenye rimu; hapa ndipo wengi hukosea. Rimu za kununua dukani kwa kawaida hutaka kitako cha koni cha digrii 60, lakini rimu nyingi za aloi zilizotoka na Toyota hutumia nati ya shingo yenye washa bapa. Ukichanganya, nati italegea hata uikaze vipi.

Anza kwa vidole, kisha wilspana, umalizie na spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), Nm 103. Kaza tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Fundi wa pancha asiguse kufuli kwa mashine ya upepo. Mashine hiyo ndiyo huvunja meno ya ufunguo. Ufunguo ukae garini na wilspana (pancha ya barabarani Salgaa haingoji), na namba yake ya utambulisho uipige picha.