Maswali ya wasomaji: stori inayofuata iandaliwe vipi?

Barua nyingi za safari hii zinahusu jambo moja: stori, yaani maelezo mafupi ya kazi moja ya programu, ambayo wasanidi wa timu ya ajaili (timu inayotengeneza programu kwa hatua fupifupi) wataishika wakishamaliza waliyo nayo mkononi. Tumechagua nne.

SWALI: Ndugu wahariri, timu yetu ina wasanidi wanne, mpimaji mmoja na mmiliki wa bidhaa, yule anayeamua kipi kitengenezwe. Sprinti zetu, yaani vipindi vya kazi, ni za wiki mbili. Kikao cha kupanga kinakula siku nzima, lakini ikifika siku ya tatu stori zinaanza kukwama: maswali yanazuka, mmiliki wa bidhaa hapatikani, kazi inalala. Wala si kwamba kadi tunazoandikia stori ni tupu, zina maelezo marefu. Tunakosea wapi?

JIBU: Hayo maelezo marefu ndiyo yanayowapoteza. Kadi iliyojaa maandishi huonekana imeiva, kumbe aliyeiandika ni mtu mmoja na wenzake wanaisoma kwa mara ya kwanza kwenye kikao cha kupanga. Mwaka 2001 Ron Jeffries, mtaalamu wa utengenezaji wa programu, alieleza kuwa stori ina sehemu tatu: kadi, mazungumzo na uthibitisho. Ninyi mmeandaa kadi peke yake. Mazungumzo mnayafanyia kwenye kikao cha kupanga, ndiyo maana kinakula siku. Uthibitisho mnaanza kuutafuta wakati msimbo umeshaandikwa nusu.

Tengeni kikao cha maandalizi mara mbili kwa wiki, kisizidi saa moja. Si lazima wote waje. Mmiliki wa bidhaa, mpimaji na msanidi mmoja wanatosha kuichambua stori. Msanidi abadilike kila kikao ili ujuzi usibaki kwa mtu mmoja. Kila stori ipewe dakika 25. Tumieni kadi za rangi nne, kwa utaratibu ambao Matt Wynne, naye mtaalamu wa programu, aliueneza: ya manjano ni stori yenyewe, za bluu ni kanuni, za kijani ni mifano, nyekundu ni maswali yasiyo na jibu.

Chukueni stori hii: "Mtumiaji aliyesahau nywila ajiwekee mpya bila kupiga simu kwa wahudumu." Ni sentensi moja, na mtu anaweza kudhani ni kazi ya asubuhi moja. Wekeni kanuni mezani. Kiungo kinachotumwa kwa barua pepe kinadumu dakika 30. Kinatumika mara moja tu. Akiomba kingine, cha zamani kinakufa. Anayeandika barua pepe isiyosajiliwa anaona ujumbe uleule anaouona aliyesajiliwa, kwa sababu ujumbe ukitofautiana, mwenye nia mbaya ataweza kujaribu anwani moja moja hadi ajue nani ana akaunti na nani hana. Nywila ikibadilishwa, vifaa vingine vyote vinatolewa kwenye akaunti.

Sasa kila kanuni ipewe mfano wenye namba. Kiungo kimetumwa saa 4:00. Mtumiaji akikifungua saa 4:29, anapata ukurasa wa kuweka nywila. Akikifungua saa 4:31, anaambiwa muda umekwisha na anapewa kitufe cha kuomba kingine. Mpimaji makini atauliza papo hapo: je, akikifungua saa 4:29 halafu akabonyeza kitufe cha kuhifadhi saa 4:32? Hakuna kanuni inayojibu hilo. Andikeni kadi nyekundu. Mmiliki wa bidhaa akiweza kuamua hapohapo, nyekundu inatoka na ya kijani inaingia.

Msanidi naye ana lake. Baadhi ya mifumo ya ulinzi wa barua pepe hufungua viungo ili kuvikagua kabla mwenye barua hajavigusa. Kama seva inakihesabu kiungo kuwa kimetumika mara tu kinapofunguliwa, mtumiaji atakuta kimeshakufa na ataomba kingine, nacho kitakufa vilevile. Basi kanuni ya pili inaandikwa upya: kiungo kinahesabiwa kuwa kimetumika pale nywila mpya inapohifadhiwa. Hitilafu ya namna hii ikigunduliwa programu ikiwa tayari kwa watumiaji, kuitafuta ni kazi ngumu, maana kwenye kompyuta ya msanidi kila kitu kinafanya kazi vizuri. Hapa mezani ni mazungumzo ya dakika chache.

Mkimaliza, tazameni meza. Nyekundu zikiwa nyingi, stori bado; kila swali lipewe mtu wa kulifuatilia na siku ya kuleta jibu. Bluu zikiwa nyingi, stori ni kubwa na igawanywe. Kijani zikirundikana chini ya bluu moja, huenda hiyo kanuni ni kanuni mbili zilizobebana. Dakika 25 zikiisha mkiwa bado mnabishana, iwekeni kando; kulazimisha makubaliano ya mdomo ndiko kunakozaa ule mkwamo wa siku ya tatu.

Kuna vitu vitatu ambavyo kadi za rangi hazivionyeshi. Kwanza, maneno kamili ya skrini, pamoja na ujumbe wa makosa. Pili, data ya majaribio: akaunti iliyofungwa, akaunti isiyothibitishwa, akaunti ya kawaida. Tatu, ruhusa. Kama stori inahitaji ufunguo wa API (njia ambayo programu moja huitumia kuwasiliana na nyingine) ya timu nyingine, ombeni ufunguo siku mnayoona stori inakaribia kileleni mwa orodha. Msanidi anaweza kukisia neno la kwenye kitufe na kulirekebisha baadaye, lakini hawezi kukisia ufunguo.

Kukadiria ukubwa wa stori kuje mwisho, timu nzima ikiwepo, kila mtu akionyesha namba yake. Mmoja akionyesha 2 na mwingine 8, msichukue wastani. Mwenye 8 ameona kitu, mwacheni aseme. Na mmiliki wa bidhaa akiondoka, aache mtu mwenye mamlaka ya kuamua juu ya kanuni. Mtu wa kupokea ujumbe tu hatawasaidia.

SWALI: Sisi hatuna sprinti, tunatumia ubao wa kanban, ambako kazi huvutwa moja moja nafasi ikipatikana. Tuweke stori ngapi tayari? Meneja wetu anataka robo mwaka nzima iandaliwe.

JIBU: Hesabuni kwa kasi yenu. Tuseme mnamaliza stori 4 kwa wiki ya siku 5 za kazi, na kuiandaa stori moja, pamoja na kusubiri majibu, huchukua siku 3. Katika siku hizo 3 timu itakuwa imemaliza stori 2.4. Ongezeni moja ya akiba mpate 3.4, yaani 4. Zilizo tayari zikibaki 4, vuteni nyingine za kuandaa. Kikomo cha juu kiwe kama 8.

Robo mwaka nzima ni hasara. Stori iliyochambuliwa leo na kushikwa baada ya wiki kumi hukuta skrini imebadilika, API imebadilika na walioizungumza wamesahau walichokubaliana, hivyo itachambuliwa upya. Mpeni meneja ramani ya malengo ya robo mwaka, kila lengo kwa sentensi moja au mbili. Uchambuzi wa kina ubaki kwa zile zinazokaribia kushikwa.

SWALI: Tunagawanya stori kubwa kuwa tatu: hifadhidata, seva, skrini. Kila mtu anashika yake. Mbona mwisho wa sprinti hatuna cha kuonyesha?

JIBU: Kwa sababu hakuna hata moja kati ya hizo tatu inayomfaa mtumiaji peke yake. Zote zinasubiriana, na siku ya kuziunganisha ndipo inajulikana kuwa skrini inatarajia tarehe kwa muundo mmoja na seva inatuma kwa muundo mwingine. Gawanyeni kwa kufuata tabia ya programu, ili kila kipande kipite kuanzia skrini hadi hifadhidata, hata kikiwa chembamba.

Mfano ni stori ya kupakua ripoti ya mauzo. Kipande cha kwanza: kitufe kimoja kinachotoa faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) la mwezi huu, bila kuchagua lolote. Cha pili: mtumiaji achague tarehe. Cha tatu: PDF yenye nembo. Cha nne: ripoti itumwe yenyewe kila Jumatatu. Kipande cha kwanza kikitoka mapema, muulizeni mtumiaji. Huenda CSV inamtosha, na PDF ikaondolewa kabisa kwenye orodha. Mgawanyo wa hifadhidata, seva na skrini hauwapi kamwe nafasi hiyo ya kuacha kazi isiyohitajika.

Kipande kiwe cha siku 1 hadi 3 za kazi. Kikizidi hapo, rudini kwenye kadi za bluu. Mara nyingi kanuni moja inaweza kutolewa na kuwa stori yake.

SWALI: Tuna orodha ya vigezo 18 ambavyo stori lazima ivitimize kabla ya kupokelewa. Stori za kiufundi, kama kupandisha toleo la hifadhidata, hazipiti kamwe kwa sababu hazina "mtumiaji". Tufanyeje?

JIBU: Punguzeni orodha. Mwongozo wa mwaka 2020 wa Skramu, utaratibu wa ajaili unaotumia sprinti, haudai orodha ya aina hiyo. Unasema kazi inayoweza kukamilishwa na timu ndani ya sprinti moja inahesabiwa kuwa tayari kuchaguliwa. Vigezo 18 vikigeuzwa geti, watu hujaza visanduku ili wapite, na mazungumzo hufa. Bakini na vinne au vitano: sababu ya kazi inajulikana, mifano imekubaliwa, hakuna swali jekundu linalozuia kuanza, ruhusa zimepatikana, inaingia ndani ya sprinti.

Stori ya kiufundi msiilazimishe ianze na "Kama mtumiaji, nataka…". Andikeni sababu (toleo la sasa linakaribia kukoma kupata marekebisho ya usalama), hali inayotakiwa baada ya kazi, namna ya kuithibitisha (majaribio yote yanapita, maswali mazito ya hifadhidata, yaani maombi ya data ambayo programu huipelekea, hayachukui muda mrefu kuliko sasa) na hatua za kurudi nyuma mambo yakiharibika. Pimeni muda wa hayo maswali mazito kabla ya kugusa chochote, maana baada ya kupandisha hamtakuwa na cha kulinganisha nacho.

Kama hamjui hata pa kuanzia, tengeni uchunguzi wa siku moja, au mbili zikizidi sana, wenye swali moja lililoandikwa: "Je, viendelezi vyetu vyote (nyongeza za hifadhidata) vinafanya kazi kwenye toleo jipya?" Zao lake ni jibu na makadirio. Msimbo ulioandikwa kwenye uchunguzi huo utupwe, usiingizwe kwenye programu ya watumiaji.