Futi kumi kwa kumi: majibu kwa wanaoishi chumba kimoja

Barua za wiki hii karibu zote zimetoka kwa wapangaji. Nimezisoma kwa makini, maana nami nilianzia maisha kwenye chumba kimoja.

Chumba changu ni futi kumi kwa kumi. Nina kitanda cha tano kwa sita, kabati, friji na sofa. Hakuna pa kupita. Niuze nini? (Mama wa wawili, Mbagala)

Uza sofa, dada yangu, lakini kwanza tafuta futi kamba upime. Sakafu yako ni futi za mraba 100, na kitanda peke yake kimechukua 30. Mlango wenye upana wa futi 3 ukifungukia ndani unafagia kama futi 7 za mraba, na hapo huwezi kuacha hata ndoo. Kama nje kuna ukumbi mpana, muombe mwenye nyumba ufungukie huko. Kama ni korido wanayopita majirani, uache ulivyo.

Kisha inua kitanda. Kila mguu ukalie gogo la mbao ngumu la inchi 8, lililochimbwa kishimo ili mguu usiteleze. Mvunguni patatosha mabegi ya nguo, mashuka na gunia la mchele, na huenda kabati lenyewe usilihitaji tena. Katikati ya chumba paache patupu kabisa. Hapo ndipo watoto watacheza, ndipo mtatandika mkeka mle, na mgeni naye atakaa hapohapo.

Nyumba za kale za Lamu na Unguja zina vishubaka ukutani. Naweza kuchimba kwangu? (Mpangaji, Tanga)

Hapana, usichimbe. Vile ni vidaka, au zidaka kama wasemavyo Waamu, na vimekaa kwenye kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zenye unene wa karibu nusu mita. Dari zao zilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba: mita 3 hivi, mara nyingi pungufu. Chumba kingeweza kurefuka, kupanuka hakikuweza. Mafundi wale wakauachia ukuta kazi ya kubeba vyombo, na napenda sana akili ile.

Ukuta wako wa tofali la inchi 5 au 6 ukiuchimba utaudhoofisha. Funga rafu ya mbao juu ya mlango, kama futi 7 kutoka sakafuni, izunguke kuta mbili. Weka huko vitu vya mara mojamoja: masufuria ya shughuli, blanketi, vitabu vya mwaka jana.

Ninapika ndani. Mtungi wa gesi naweza kuuficha chini ya kitanda? (Nairobi)

Usithubutu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka na kutuama sakafuni, na mvunguni ndiko itakakojikusanya. Mtungi usimame wima karibu na mlango.

Na kwa kuwa Julai huko ni baridi: jiko la mkaa lisiingizwe ndani kwa ajili ya joto, hata likiwa limebaki makaa tu. Hewa yake yenye sumu haina harufu, na aliyelala haamki kuikimbia. Nawasihi mno katika hili.

Najenga chumba na sebule Chanika. Madirisha yaelekee wapi? (Bila jina)

Kaskazini na kusini, yakitazamana. Jua la asubuhi na la jioni litapiga kuta zisizo na madirisha, na upepo wa kaskazi na wa kusi utapata njia, kila mmoja kwa msimu wake.

Tuko wanne chumba kimoja. Watoto tumewanunulia kitanda cha deka. Pazia linatosha kututenga? (Baba, Morogoro)

Linatosha kwa miaka michache, likiwa zito na likining'inia kwenye waya uliofungwa ukuta hadi ukuta. Lisiguse sakafu, acha shubiri moja hewa ipite. Shida yako naiona juu: umeandika kuwa hamna silingi bodi. Mtoto wa deka ya juu analala karibu na bati, na mchana wote bati limekuwa likipokea jua. Fedha ya kabati uliyotaja, nunulia silingi kwanza.